Nani Aliyefunga Mvua?

Mwezi wa Novemba ulikuwa umefika katikati, na mashamba ya pamba yanayoizunguka Bariadi yalikuwa yamekwisha tifuliwa, yakingoja. Mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Micheweni kisiwani Pemba, alikuwa akimaliza mwaka wake wa pili wa kusomesha katika mji huo. Alipanga chumba uani kwa bibi mmoja mjane, na kila alfajiri alipotoka kutawadha alimkuta mwenyeji wake amekwisha shika njia ya mtoni, ndoo kichwani.

Mto wenyewe haukuwa na maji. Ulikuwa na mchanga. Wanawake waliufukua mchanga huo kwa makopo na mabakuli hata shimo likafika kiunoni, kisha wakaketi ukingoni kungoja maji yajikusanye chini. Yalikuja polepole, rangi ya chai ya maziwa, nao waliyateka kata kwa kata, kila mmoja kwa zamu yake. Mwalimu, aliyekulia mahali ambapo mtu akipanda mnazi huiona bahari pande zote, hakuwahi kuona watu wakiyangoja maji jinsi jamaa wanavyomngoja mgonjwa azinduke.

Asubuhi moja alimkuta Bibi ameketi kizingitini, ndoo tupu ubavuni.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Leo hukwenda mtoni?”

Hakujibu upesi. Hatimaye alisema kwamba jana yake, alipofika shimoni, wenziwe walinyamaza, na zamu yake ikarukwa. Mmoja, aliyemlea tangu utotoni kama mwanawe, alimnong’oneza aondoke. Palikuwa na maneno. Ilisemwa kwamba mvua ya mwaka huu imefungwa, na aliyeifunga ni ajuza mwenye macho mekundu.

Macho ya Bibi yalikuwa mekundu kweli. Miaka hamsini ya kupika kwa mabua ya pamba na samadi kavu ya ng’ombe, katika jiko lisilo na dirisha, huyafanya hivyo macho ya mtu yeyote. Lakini katika Usukuma maneno ya namna hiyo si mzaha. Kwa miongo mingi magazeti ya Tanzania yameandika habari za vikongwe waliouawa kwa sababu ya rangi ya macho yao, na kila mwenye umri wa Bibi anazijua habari hizo bila ya kusomewa.

“Wewe umesoma,” alisema, “tena umetoka kwenye maji makubwa. Niambie, mvua hufungwa na nani?”

“Mvua ni ya Mungu, Bibi.”

“Hilo nalijua tangu sijazaa. Sikukuuliza mwenye mvua. Nimekuuliza mwenye kuifunga.”

Mwalimu alikwenda skuli siku hiyo na swali hilo kifuani. Alikuwa amesomesha pepo za msimu mara nyingi ubaoni; alijua kuchora mishale. Lakini mishale ile ilieleza jinsi mvua inavyokuja, na yeye alikuwa ameulizwa kwa nini haiji. Usiku alivifungua vitabu na makala aliyokuwa akiyakusanya tangu chuoni, na jibu alilolikuta lilianzia mbali kuliko alivyotazamia, kwa masafa na kwa miaka.

Lilianza na ziwa. Mito ya msimu ya upande wa Bariadi hupeleka maji yake katika Mto Simiyu, uliolipa jina lake mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Simiyu huanzia nyanda za Serengeti, hupokea Mto Duma, na huishia katika Ghuba ya Speke, kona ya kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria. Kila mtoto wa Bariadi anajua kwamba kiu ikizidi, upande wa machweo kuna maji yasiyokwisha. Ndiyo sababu, mwaka 2017, Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulipoidhinisha fedha za kusaidia mkoa wa Simiyu kukabiliana na ukame, shabaha kubwa ya mradi ilikuwa kuyavuta maji ya ziwa hilo hadi mijini na vijijini. Mito hukauka, ziwa halikauki.

Lakini ziwa lilipata kukauka. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa mawimbi ya sauti na kwa mabomba marefu yaliyochomwa katika tope la chini ya ziwa. Juu palikuwa na tope laini, lililotuama kwa maelfu ya miaka. Chini yake, hata pale ambapo ziwa lina kina kikubwa kuliko penginepo, bomba lilikutana na udongo mgumu uliokosa unyevu, wenye mabaki ya vimizizi na chavua ya nyasi. Hapo paliwahi kuwa nchi kavu. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, mtu angaliweza kutembea mahali ambapo leo meli za Mwanza hupita, na unyayo wake usilowe.

Sababu ya ziwa kubwa hivyo kuweza kukauka imo katika umbo lake. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 68,000, lakini kina chake kirefu ni kama mita 80 tu, ilhali Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470. Tanganyika ni mtungi. Viktoria ni sinia. Tena takriban nne kwa tano ya maji yake huyapata kwa mvua inayonyesha juu ya uso wake wenyewe, wala si kwa mito. Mvua ikipungua kwa karne kadhaa, sinia halina akiba ya kujifichia. Hata furu, samaki wadogo wa ziwa hilo ambao aina zake zilipata kuzidi 500, wanahesabiwa kuwa walienea na kugawanyika baada ya maji kurejea, muda ambao kwa maumbile ni kama jana.

Mwalimu aliuinua uso juu ya karatasi. Basi mvua iliwahi kufungwa kwa namna ambayo hakuna mzee wa Bariadi aliyepata kuisimulia, hadi nyanza yenyewe ikawa malisho. Nani aliyeifunga?

Hapo ndipo habari ilipomrudisha baharini.

Mtu wa Pemba hufundishwa pepo mbili kabla ya kufundishwa kusoma: kaskazi inayowaleta wageni na kusi inayowarudisha. Washairi wa pwani wamezitia pepo hizo katika kila jambo, mapenzi na siasa na mauti. Lakini chini ya kusi na kaskazi bahari ina mwendo mwingine usioyumbisha ngalawa wala kutunisha tanga. Katika Bahari ya Weddell, kandokando ya Antaktika, maji yanapoganda huitema chumvi yake, na maji yanayobakia huwa baridi na chumvi nyingi, na kwa hiyo mazito. Huzama hadi sakafu ya bahari, kisha hutambaa kuelekea kaskazi kwa mamia ya miaka. Sehemu yake hupita mlango wa chini ya bahari uitwao Amirante, karibu na Ushelisheli, na kuingia katika bonde la Somali, mashariki ya visiwa vya Waswahili. Mvuvi anayetoka sana nje upande wa maawio huwa ameelea juu ya maji yaliyozaliwa kwenye barafu. Juu ni vuguvugu la kuogea. Chini ya mita 4,000 ni baridi isiyozidi nyuzi mbili.

Upande wa pili wa dunia, baina ya Greenland na Norway, maji huzama vivyo hivyo, na kuzama kwake huyavuta mengine yenye joto kutoka kusini kuja kuchukua nafasi. Hivyo bahari zote hufungamana katika mzunguko mmoja, na mzunguko huo huligawa joto la dunia, na joto ndilo linalozielekeza pepo za mvua.

Katika zama za barafu, ambazo kilele chake kilikuwa kiasi cha miaka 21,000 iliyopita, nusu ya juu ya Amerika Kaskazini ilifunikwa na barafu. Maji mengi mno yalifungwa nchi kavu, hata bahari zikashuka zaidi ya mita 120. Jambo hili si geni kwa mtu wa visiwani, ijapokuwa huenda hakulisikia kwa jina hili. Mlango wa bahari unaoitenga Unguja na Mrima ni wa kina kidogo, na wakati huo haukuwa na maji. Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, wachimbuzi wameifukua mifupa ya punda milia na nyati, wanyama waliofika kwa miguu yao. Pemba peke yake, ambayo mkono wake wa bahari una kina cha mamia ya mita, ilibakia kisiwa. Mwalimu aliposoma hayo alitabasamu kidogo, kwani Wapemba huambiwa tangu zamani kwamba wako mbali na wenzao.

Kisha barafu ile ya Amerika ilianza kumeguka. Mwaka 1988 Mjerumani Hartmut Heinrich alieleza matabaka ya changarawe aliyoyaona katika mashapo ya Atlantiki, mbali na pwani yoyote. Changarawe haielei, ilichukuliwa na milima ya barafu, ikadondoshwa barafu ilipoyeyuka. Palikuwa na misafara mingi ya milima hiyo, na mmoja ulipita kiasi cha miaka 17,000 hadi 16,000 iliyopita. Barafu hiyo ilimwaga maji matamu juu ya bahari, na maji matamu ni mepesi, hayazami. Mwaka 2004 Jerry McManus na wenzake, kwa kulipima tope la chini ya bahari karibu na Bermuda, walionyesha kwamba mzunguko wa kina wa Atlantiki wakati huo ulikaribia kusimama.

Kilichofuata kiligusa kila pembe. Joto lililokuwa likipelekwa kaskazini lilibakia kusini, na bahari za Antaktika zikaanza kupata vuguvugu. Maji ya kina ya huko, yaliyokuwa yameikumbatia hewa ukaa kwa maelfu ya miaka, yalianza kuiachia. Mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanahadithia kiwango chake: kiasi cha sehemu 190 katika milioni wakati wa baridi kuu, kikapanda hadi karibu 280 zama hizo zilipokwisha. Na katika ukanda wa joto, baina ya Afrika na Asia, pepo za mvua zilidhoofika. Curt Stager na wenzake, mwaka 2011, waliukusanya ushahidi wa maziwa na mapango ya nchi nyingi, wakaeleza kwamba huo ulikuwa miongoni mwa ukame mkali kuliko wote uliojulikana tangu binadamu wa leo alipokuwapo. Kukauka kwa Ziwa Viktoria kulikuwa sura moja ya msiba huo.

Usiku ulikuwa umekwenda sana. Mwalimu aliwafikiria watu walioishi Simiyu wakati huo, kwani watu walikuwako. Waliuona mto ukipungua kizazi baada ya kizazi, wakaufuata hadi mwisho wake, wakakuta nyasi. Hawakuweza kujua kwamba kilichowapata kimetokana na barafu iliyovunjika upande wa pili wa dunia. Na kwa kuwa mwanadamu hawezi kukaa na msiba usio na mwenyewe, yumkini walitafuta wa kumtwika. Hata katika kumbukumbu za karibu, kabla ya utemi kufutwa mwaka 1963, ntemi wa Kisukuma ndiye aliyedaiwa mvua. Ikikosekana, kiti chake kilitikisika. Utemi uliondoka, lakini deni lilibaki, likatafuta mdaiwa mwingine. Likamkuta mjane asiye na mtoto wa kumsemea.

Hata hivyo mwalimu hakutaka kumpa Bibi faraja ya uwongo. Ukame wa mwaka mmoja si ukame wa miaka elfu, na kukawia kwa mvua za vuli hakuletwi na mzunguko wa sakafu ya bahari, ambao hujigeuza kwa karne. Kunatokana na jambo la juu zaidi na la karibu zaidi. Maji ya Bahari Hindi ya upande wa Afrika yakipata joto kuliko ya upande wa Sumatra, mvua za vuli huzidi, yakipoa, huadimika. Mpishano huo wataalamu waliueleza mwaka 1999, lakini kazi yake ilionekana zamani. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, zililipandisha Ziwa Viktoria zaidi ya mita mbili ndani ya miaka michache. Kwa njia moja au nyingine, ya juu au ya kina, ya mwaka au ya maelfu ya miaka, ufunguo wa mvua ya Bariadi umekaa baharini. Hakuna mkono wa ajuza unaofika huko.

Jumamosi iliyofuata alimwomba Bibi nusu bilauri ya maji. Alijua ni kitu gani alichokuwa akikiomba. Bibi alimtazama, akaenda mtungini, akamimina bila ya kusema neno. Majirani watatu walikuwa wamekuja kuazima moto, na mwalimu akawaomba waketi. Alitia vijiko vya chumvi katika maji hata ikakataa kuyeyuka zaidi. Kisha akachukua maji mengine kidogo, akayatia matone ya chai, akayamimina taratibu juu ya mgongo wa kijiko. Yale ya chai yalitandaa juu, yakakaa. Chini palikuwa peupe, juu pekundu, na mpaka baina yao ukaonekana wazi.

“Haya ya chini ni bahari,” alisema. “Mazito, yana chumvi. Haya ya juu ni ya barafu iliyoyeyuka. Tazameni, hayazami. Na yasipozama, bahari nzima husita, na bahari ikisita, mvua hupotea njia.”

Akawahadithia ziwa lilivyokuwa malisho. Mwanamke mmoja alicheka, akasema nyanza haiwezi kukauka. Mwingine, mtu mzima zaidi, hakucheka. Aliuliza kama wakati huo kulikuwa na vikongwe Bariadi.

“Haikuwako Bariadi, mama. Na waliokuwako hawakuwa na kosa.”

“Na mwaka huu?”

“Mwaka huu pia ni bahari, mama. Kwetu Pemba mvuvi akitia mkono majini anajua yamepoa. Hakuna mtu wa kijiji hiki aliyeyapoza.”

Wanawake walitazamana. Hapana aliyeomba radhi, wala jina la mtu halikutajwa. Walichukua kaa lao la moto, wakaaga, wakaenda zao. Mwalimu hakujua kama amewafundisha kitu au amewapa hadithi ya kuchekea njiani.

Bibi alibakia akiitazama bilauri. Mpaka baina ya maji mawili ulikuwa umeanza kufifia. Aliuliza swali ambalo wanafunzi wake wa kidato cha nne hawakupata kumuuliza.

“Barafu hiyo ya zamani ilivunjika yenyewe. Na iliyobaki, ipo?”

“Ipo, Bibi. Kaskazini na kusini.”

“Haiyeyuki?”

Mwalimu alimweleza. Kwamba hewa ukaa, ambayo ilipanda kutoka 190 hadi 280 kwa maelfu ya miaka, imepandishwa tena na moshi wa viwanda na magari hadi kupita 420 katika muda wa miaka isiyofika mia tatu. Kwamba barafu ya Antaktika inayeyuka na kumwaga maji matamu pale pale ambapo maji mazito huzama. Kwamba watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2023 wanaona kuwa, moshi ukiendelea kwa kasi kubwa, mzunguko wa kina wa kusini utapungua kwa zaidi ya asilimia 40 ifikapo 2050.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

“Basi wapo wanaofunga mvua,” alisema.

“Wapo, Bibi.”

“Macho yao mekundu?”

“Hapana. Wengi wao hawapiki kwa kuni.”

Alinyamaza kidogo, kisha akainuka, akapiga vumbi kanga yake. Akaichukua ndoo. Maji ya bilauri hayakuwa ya kunywa tena, naye hakuyamwaga. Aliyaweka dirishani mahali ambapo kila apitaye angeyaona.

Mwalimu aliitoa baiskeli yake, akafunga madumu mawili nyuma. Katika Bariadi si kawaida ya mwalimu wa kiume kwenda kuteka maji na wanawake, na alijua kwamba jioni hiyo atasemwa. Aliusukuma mti wa mlango, wakatoka pamoja, yeye akikokota baiskeli na Bibi akitangulia, katikati ya njia, hadi pale mchanga ulipofukuliwa. Wanawake waliokuwa shimoni waliinua nyuso.

“Mwangaluka,” alisema Bibi.

Kukapita kitambo. Ndipo yule mtu mzima, aliyekuwa ameketi ukingoni na kata mkononi, akasogea kumpisha.

“Mwangaluka, mayu. Zamu yako ni baada yangu.”